Anayebaki ni wa Kwanza

Mkiwa, 6 Mei 2004

Mwaka huu nimeamua kuandika, maana nikisema kwa mdomo nitaambiwa nina wivu. Ninao. Sasa limeshasemwa, tuendelee.

Mvua zimeaga mapema na alizeti imekauka vizuri shambani. Leo magunia ya kwanza yameingia, ya Mzee Leonidas, ambaye kila mwaka lazima awe wa kwanza hata kama vichwa vya alizeti yake bado vinatoa maji. Idrissa amewasha injini saa mbili asubuhi, ikakohoa, ikakubali. Harufu ya mafuta mapya ikatoka mpaka njiapanda, na dereva wa lori la kwenda Itigi akasimama kuuliza kama tumeshaanza kuuza.

Mashine hii ya Mkiwa naisimamia mimi. Idrissa ni mume wangu na mashine ni yake, lakini anayejua nani ameleta nini na nani anafuata ni mimi. Tangu ushirika ulale na soko kuwa huria, kila mwenye injini amekuwa kiwanda, na kiwanda bila mpangilio ni ngumi mlangoni. Ndiyo maana nimeweka foleni yote kwenye kompyuta. Ilikuwa ya mradi mmoja mjini Singida nilikokuwa naingiza takwimu nje ya msimu. Mradi ulipofungwa nikapewa kama asante, pamoja na maarifa ya lugha ya kompyuta inayoitwa Python, ambayo mzungu mmoja wa mradi alinifundisha kwa uvumilivu mkubwa. Watu wa hapa wanasema mama Shabani ana televisheni inayosoma majina.

Mashine ya pili, ndogo, iko Ihanja. Hiyo anaisimamia Loyce.

Loyce ni mke wa pili wa Idrissa, mwaka wa kwanza huu. Alisilimu akapewa jina la Latifa, ila kila mtu anamwita Loyce, hata Idrissa akijisahau. Nimeshamsikia akijisahau. Kuna namna anavyolitamka.

7 Mei

Upepo na vumbi. Hakuna la kuandika.

11 Mei

Mashine ya Ihanja imekatika shafti. Habari imeletwa na kondakta wa basi, kabla hata Loyce hajatuma neno. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikajiona mbaya, nikaacha, kisha nikacheka tena.

Idrissa amesema shafti ya aina ile haipatikani hata Singida, itabidi iagizwe, na msimu hausubiri. Watu wa Ihanja wote watakuja kukamulia hapa. Nikamuuliza, "Na msimamizi wao?" Akasema, "Naye atakuja. Atakaa wapi kama si kwake?"

Kwake. Hapa nilipopiga matofali kwa mikono yangu.

13 Mei

Amefika na mkokoteni wa punda, godoro moja, sufuria, turubai kubwa jipya la bluu, na magunia ya alizeti yake mwenyewe aliyolima Ihanja. Amepewa chumba cha upande wa magharibi, kile nilichokuwa naanikia vitunguu.

"Shikamoo dada," akasema, akapiga goti kabisa.

"Marahaba."

Ana miaka ishirini na minne. Mimi nina thelathini na nane. Kila akisema shikamoo naiona ile miaka kumi na minne imesimama katikati yetu, nayo inasema marahaba pamoja nami. Angekuwa jeuri ningejua la kumfanya. Huyu anapiga goti.

Zamu tumepangiwa: siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Leo si kwangu.

14 Mei

Si kwangu.

16 Mei

Leo mlangoni pa mashine nusura watu watoane macho. Watu wa Mkiwa wanasema mashine ni ya Mkiwa. Watu wa Ihanja wanasema wao walijiandikisha kwa Loyce tangu Aprili, na wengine wana namba ndogo kuliko za hapa. Namba tano wapo wawili. Namba tisa wapo wawili, nao ni mashemeji. Lazaro, fundi wetu wa injini, akazima mashine na kukaa juu ya gunia mpaka watulie.

Kibaya zaidi, kuna waliojiandikisha kote kote. Mzee Leonidas, ambaye ameshakamua kwangu awamu ya kwanza, kumbe na Ihanja yumo. Nilipomuuliza akasema, "Mama Shabani, siku hizi mtu akitegemea mlango mmoja analala njaa." Siwezi kumlaumu. Ndivyo soko lilivyotufundisha.

Jioni Idrissa akatuita wote wawili sebuleni. Akasema mambo mawili. La kwanza, anataka foleni moja, iwe imebandikwa mlangoni ndani ya siku tatu. La pili, baada ya msimu atakwenda Itigi kufungua biashara ya asali, atakuwa anakuja mara mojamoja, na ufunguo wa mashine ataukabidhi kwa mmoja wetu.

Hakusema kwa nani. Alitazama ukuta.

Miaka kumi na moja nimeisimamia mashine hii. Nimeilea kabla ya Shabani kuzaliwa. Kumbe ufunguo ni swali.

18 Mei

Nimeshinda kwenye kompyuta siku nzima, jenereta ikinguruma. Loyce aliniletea daftari la majina yake ya Ihanja, mwandiko mzuri wa mtu aliyemaliza kidato cha nne, kila mtu jina lake, magunia yake, na nyumba anayotoka. Hata hilo liliniudhi. Mimi mwandiko wangu ni wa kukimbiza kuku.

Kuunganisha orodha mbili si kazi ngumu, ugumu uko kwenye kuamua unaunganishaje. Nimeandika programu moja, nimeiita unganisha, na nimeiwekea machaguo ili siku nyingine nisiandike upya. Kwanza unaipa orodha mbili. Kisha unaiambia mpangilio: mfululizo, yaani orodha ya kwanza yote iishe ndipo ya pili ifuate, au kupishana, yaani mmoja wa huku na mmoja wa kule, au kwa tarehe ya kujiandikisha. Kisha unaiambia itamtambuaje mtu aliyejirudia: kwa jina lake, au kwa nyumba. Mwisho unaiambia, ikikuta wamejirudia, anayebaki ni yupi, wa kwanza au wa mwisho.

Mimi nilitaka mfululizo. Mkiwa kwanza, Ihanja baadaye, wenyeji kisha wageni. Idrissa alikataa kabla sijamaliza kueleza.

"Wapishane," akasema. "Mmoja wa huku, mmoja wa kule. Hapo hakuna wa kulalamika."

Nikamwambia, "Hivyo ndivyo unavyopanga kila kitu."

Akajifanya hakusikia. Nikaandika kupishana, kila herufi ikiniuma.

Lakini hayo mengine hakuyauliza, kwa sababu hayajui. Kwenye kumtambua mtu nikaweka nyumba. Nyumba moja, zamu moja, ili wajanja wanaomwandikisha mke huku na mume kule wakome. Nikamweleza Idrissa, akasema ni haki kabisa. Kwenye anayebaki nikaweka wa kwanza, na orodha inayosomwa kwanza ni ya Mkiwa.

unganisha(mkiwa, ihanja, mpangilio="kupishana", utambulisho="nyumba", anayebaki="wa_kwanza")

Ikakubali mara moja. Majina yakashuka, moja la huku moja la kule, hakuna namba mbilimbili, Leonidas kabaki mmoja. Nikayapitia kwa furaha. Nilipofika mwisho ndipo nikaona kitu ambacho sikukikusudia, naapa sikukikusudia.

Loyce hayumo.

Magunia yangu yameandikwa nyumba ya Idrissa. Magunia yake nayo ni nyumba ya Idrissa. Programu imekuta nyumba moja mara mbili, ikamwacha wa kwanza. Aliyebaki ni mimi.

Nimekaa naitazama ile orodha, na mahali ambapo angekuwepo hapajaachwa hata pengo. Ningeweza kurekebisha kwa kubadili neno moja. Sikubadili. Mbona hata mashine isiyo na moyo imeona mke ni mmoja?

19 Mei

Nimenakili majina kwenye ubao kwa chaki na Lazaro ameupigilia mlangoni. Loyce alikuja na ndoo kichwani, akasimama, akasoma kutoka juu mpaka chini. Akarudia kutoka juu mpaka chini. Kisha akaenda kuosha vyombo.

Nilimsubiri aulize. Nilikuwa nimeshaandaa jibu zuri. Hakuuliza, na jibu limebaki mdomoni linachacha.

20 Mei

Loyce amepika mlenda. Idrissa amekula mara mbili.

24 Mei

Foleni inakwenda vizuri, hata waliotukana wanasifu. Mkokoteni unaingia, mkokoteni unatoka. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua tunayapanga nyuma, wafugaji wanayagombania.

Leo mwanamke mmoja wa Ihanja, Mwanaidi, mke mdogo wa fundi seremala, alikuja kuuliza mbona hajaitwa wakati walioandikishwa nyuma yake wameshakamua. Nikatazama. Nikamwambia, "Nyumba yenu imeshakamua, mama. Juzi."

"Aliyekamua ni mwenzangu. Mimi nina shamba langu, yeye ana lake."

"Nyumba moja zamu moja. Subiri awamu ya pili, baada ya wote."

Akanitazama kama mtu anayetafuta uso anaoujua. Akageuza punda wake. Nilihisi kitu, lakini injini ilikuwa inapiga kelele na watu walikuwa wengi, nikakiacha kipite.

27 Mei

Idrissa kamnunulia Loyce kanga. Na mimi kaninunulia, ile ile, rangi ile ile. Anadhani hiyo ndiyo haki. Nimeiweka sandukuni. Yake anaivaa na inampendeza.

29 Mei

Mkanda wa mashine umechanika nyuzi. Idrissa amenituma mimi mjini Singida kutafuta mwingine, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua vipimo. "Loyce hawezi hiyo," alisema, mbele yake. Nimepanda basi la Singida nimenyoosha shingo mpaka ikauma.

30 Mei, Singida mjini

Mkanda upo lakini mwenye duka amefunga mpaka kesho. Nimelala kwa shoga yangu Eliana, tuliyefanya kazi pamoja mradini. Mchana huu mawingu yamekuja upande wa kusini, mazito, ya kipumbavu, ya mwezi ambao si wake. Eliana anasema hayatanyesha.

1 Juni

Yamenyesha.

Nimerudi leo mchana. Kutoka Ikungi barabara yote ilikuwa tope, na kila kijiji watu walikuwa wametandaza alizeti juu ya mabati, juu ya mikeka, juu ya mashuka ya kulalia, wakiomba jua. Mvua ya nje ya msimu ilinyesha jana tangu adhuhuri mpaka jioni. Mashine ilikuwa imesimama kwa kukosa mkanda, kwa hiyo magunia ya waliokuwa wanasubiri yalikuwa nje, uwanjani, yamepangwa kama watu.

Nilishuka na mkanda begani. Kitu cha kwanza kukiona ni turubai la bluu la Loyce. Lilikuwa limefunikwa juu ya magunia manne karibu na ukuta, limefungwa kamba kila pembe, mawe juu yake. Nikasema moyoni, ndiyo huyo, kafunika yake, ya wateja kaacha yalowe, msimamizi gani huyu. Nikafurahi. Nilikuwa natafuta jiwe la kumrushia, nikaona nimelipata.

Nikamwita Lazaro. "Nani kafunika magunia yake peke yake?"

Lazaro akapangusa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Si yake, mama Shabani. Yake ni yale."

Yake yalikuwa upande wa pili, chini ya ukingo mwembamba wa paa, yamevimba na kutota, maji yakitoka chini kwa matone. Alizeti yote ya Loyce, ya mwaka mzima.

"Na haya ya turubai ni ya nani?"

"Ya mama yako."

Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na moto, amejifunika ile kanga ya Loyce. Nilimwamkia, akaitikia. Alikuwa amefika na punda wa kuazima siku ile ile niliyoondoka. Akasoma ubao, yaani akamwomba mtu amsomee, akaambiwa hayumo. Akakaa.

"Mama, mbona hukuniambia unakuja? Mbona hukujiandikisha kwangu?"

Akanijibu kwa Kinyaturu kwanza, kama anavyofanya akiwa amechoka, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa sababu Loyce alikuwepo na kwao ni Wanyiramba. "Nilijiandikisha Ihanja, ni karibu na nyumbani. Tena sikutaka watu waseme mtoto wake kampitisha."

Nikaenda kuwasha kompyuta hata mkanda sijaufunga. Sikuhitaji kuiwasha. Nilishajua tangu pale kwa Lazaro. Nyumba ya Athumani Ntandu. Baba yangu. Mama Mkubwa, mke wake wa kwanza, alijiandikisha hapa Mkiwa mwanzoni mwa Mei, na magunia yake nilimkamulia mwenyewe kwa heshima zote. Mama yangu aliandikwa Ihanja, na jina lake nililiingiza mwenyewe kutoka kwenye daftari, mbiombio, bila hata kuliona. Nyumba moja mara mbili, anayebaki ni wa kwanza.

Mimi ni mtoto wa mke mdogo. Sijawahi kuliandika hili mahali popote. Nimekua kwenye tembe la nyuma, lile la paa la udongo linalovuja, nikimwona mama akilima shamba lake mwenyewe, akijaza ghala lake mwenyewe, kwa sababu kwetu kila mwanamke ana shamba lake na asipolima halishwi na mwenzake. Nilijua hivyo kabla sijajua kusoma. Na bado nilikaa kwenye kiti na kuiambia kompyuta kwamba nyumba ni mtu mmoja, na kwamba huyo mtu ni mke mkubwa.

Nilirudi jikoni nikamweleza mama. Nilimweleza vibaya, nikizunguka, nikisema programu ilifanya hivi, programu iliona vile. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa baba yako nimekuwa wa pili maisha yangu yote," akasema. "Nilidhani ni watu tu wanaojua kuhesabu hivyo. Sikujua hata mashine inajua."

"Haijui, mama. Mimi ndiye niliyeiambia."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

Loyce alikuwa anachochea moto. Hakuinua uso. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, kwa binadamu mchungu. Leo nimeujua uchungu wake na urefu wa mpini wake.

Jambo linalonikera, na hapa ndipo naandikia maana sina wa kumwambia, ni kwamba hata leo sikumwonea Loyce huruma kwanza. Kwanza nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa lile turubai. Mama yangu alikuwa kwenye mvua na aliyemfunika si mimi.

2 Juni

Tumefunga mkanda. Jua limetoka kama halijui lilichofanya.

Nimekaa kwenye kompyuta kurekebisha. Loyce akaja na chai, akasimama nyuma yangu. Zamani ningezima kioo cha kompyuta.

"Dada, hapo ndipo ulipotutoa?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeonyeshwa mahali nyoka alipopitia.

"Hapo."

"Nilidhani uliniruka wakati wa kuandika ubao."

"Sikukuruka. Niliona jina lako halimo, nikanyamaza."

Kisha akasema, "Mimi nilisema nikiuliza utasema nimeanza ugomvi, na ufunguo unakuja. Nikanyamaza ili nionekane mpole." Akaweka chai mezani. "Kama ningeuliza siku ile, mama asingelala kwenye foleni."

Kwa hiyo na yeye alikuwa anaupigia hesabu ufunguo. Sijui kwa nini habari hiyo ilinituliza. Ule upole wote ulikuwa unaninyima usingizi, kumbe ndani yake mlikuwa na mtu.

Kwenye kumtambua mtu nimeondoa nyumba, nimeweka mwenye magunia. Na nimefanya lingine. Awali, usipojaza kitu hapo, programu ilikuwa inajijazia nyumba yenyewe kimyakimya. Hilo nimelifuta. Sasa usipoiambia unamtambua mtu kwa kitu gani, inagoma, haiunganishi hata jina moja. Atakayeiendesha itabidi aamue mwenyewe na ajue ameamua.

Wamerudi kwenye orodha wanawake saba. Mwanaidi mmojawapo. Wote wake wadogo, isipokuwa mmoja, ambaye ni mkubwa aliyeandikwa Ihanja wakati mke mwenzake mdogo aliandikwa hapa. Jina la huyo nililitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mkubwa na bado alitoka.

Leonidas hajarudi mara mbili. Kujirudia kwake ni kwa jina lake mwenyewe, na hapo programu haina huruma.

3 Juni

Nimempelekea Mwanaidi ujumbe aje kesho asubuhi. Amekuja leo leo, hajaniamini.

5 Juni

Tumekamua ya mama. Mafuta safi, ya rangi ya asali. Amesema yatatosha kuanza kununua mabati ya kuezekea, aachane na tembe kabla ya mvua za Novemba. Nilisimama mwenyewe kwenye chujio, sikumwachia Lazaro. Mama alikuwa anamsimulia Loyce jinsi nilivyokuwa mkaidi utotoni. Walicheka. Nilikazana na chujio.

9 Juni

Tumekamua ya Loyce. Tulianika siku nne lakini ilishaota ukungu ndani. Mafuta yametoka meusi, yana harufu ya kitu kilichosahaulika chunguni. Hayaliki. Labda mtengeneza sabuni atayachukua. Loyce alichovya kidole, akaonja, akatema, akasema, "Haya." Basi. Akabeba madumu yake mawili mawili kupeleka nyuma.

Idrissa alikuwepo. Alitazama yale madumu, akatazama ubao ambao sasa jina la Loyce lipo chini kabisa, jipya, chaki yake nyeupe kuliko nyingine. Mwanamume si mpumbavu, ana utaratibu wake wa kuchelewa tu.

"Zuhura," akasema. Huniita kwa jina langu mara chache sana. "Ile kompyuta ndiyo iliyomtoa mwenzio, au ni wewe?"

"Kompyuta inafanya inachoambiwa."

"Sijauliza hilo."

"Ni mimi."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akaenda kukagua maji ya injini. Nikajua ufunguo umeondoka na yeye.

12 Juni

Baridi ya asubuhi, upepo wa kukata midomo. Usiku wangu. Amelala akitazama ukuta.

17 Juni

Nimempa Loyce debe sita za alizeti yangu. Nilimwambia ni za mbegu. Alipiga goti, nikamwambia asimame, nina haraka. Sitaki mtu anishukuru kwa kitu ninachokitoa huku nimeuma meno.

20 Juni

Mama ameondoka. Alimuaga Loyce kwanza, kisha mimi. Nilijiambia ni kwa sababu Loyce alikuwa karibu na mlango. Nilipima kwa macho. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Alipokuwa juu ya mkokoteni akaniita. "Mama Mkubwa wako alinichukia miaka ishirini," akasema. "Alipougua, niliyemwogesha ni mimi. Hakuacha kunichukia. Alikuwa ananichukia huku namwogesha." Akacheka mpaka akakohoa. "Tulizoea. Usijisumbue kumpenda mtu kwa haraka."

28 Juni

Magunia ya mwisho. Lori la wanunuzi limejaa na limeondoka. Lazaro amefungua injini yote kuisafisha, ipo chini vipande vipande.

3 Julai

Idrissa anaondoka kesho kwenda Itigi. Leo jioni ametuita sebuleni, mahali pale pale, ukuta ule ule. Nilivaa ile kanga ya sandukuni, sijui kwa nini. Loyce kavaa yake. Tukakaa tumefanana kama viti.

Akatoa mfukoni kufuli mbili mpya, bado zina mafuta ya kiwandani. Akampa Loyce moja na ufunguo wake. Akanipa mimi moja na ufunguo wake.

"Lazaro ametoboa komeo mahali pawili," akasema. "Zote mbili zitafungwa pale. Asipokuwepo mmoja, mashine haifunguki."

Nikasubiri aseme nani ni mkubwa, nani ataandika, nani ataita zamu. Alishasimama, anatafuta viatu.

Miaka kumi na moja, na nimepewa nusu ya mlango. Nilitaka kulia. Nikamtazama Loyce, na yeye alikuwa anaitazama kufuli yake kwa uso ule ule niliokuwa nao. Na yeye aliutaka wote.

5 Julai

Leo tunafungua kusafisha chujio na kupokea wafugaji wa mashudu. Niliamka kabla ya adhana. Nilisema, kama ni kufuli mbili, basi yangu itakuwa ya kwanza kufunguliwa, kila siku, mpaka nife. Nilipita uwanjani bila viatu nisimwamshe.

Kufuli yake ilikuwa imeshafunguliwa, inaning'inia kwenye komeo. Mwenyewe amekaa juu ya gunia la mashudu, amejikunyata kwa baridi, na umande umemlowesha kanga mabegani. Amekaa pale muda mrefu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja saa ngapi?"

"Kabla yako," akasema.

Nilikuwa na baridi na hasira, kufuli ikacheza, ufunguo ukakataa kuingia. Akainuka, akaishika kufuli yangu ikatulia, nikaifungua. Kesho nitaamka mapema zaidi.